Mdogo wangu anapelekwa Isanga kupimwa akili, na mama anataka nichome daftari lake

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga, nashona nguo. Kwetu ni kijijini, Mufindi hii hii, upande wa mashamba ya chai. Mimi ndiye mtoto wa kwanza kwa mama, na ninayekuandikia habari zake ni mdogo wangu wa kiume. Majina nimeyaacha kwa makusudi.

Mdogo wangu ana kesi ya mauaji. Aliyefariki ni baba yetu mdogo, ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Ilikuwa jioni, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kila aliyekuwepo ana lake la kusimulia, wengine wanasema ni pombe tu. Ninachojua ni kwamba polisi walipofika walimkuta amekaa pale pale, hajakimbia, anaongea na mtu ambaye wenzake hawakumwona.

Anti, huyu mtoto alianza kuumwa akiwa kidato cha tatu. Aliacha kulala. Akawa anasema walimu wanasoma mawazo yake, akaziba nyufa za ukuta wa chumba chake kwa karatasi za madaftari. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, akapewa vidonge na sindano ya kila mwezi. Alipona akawa mtu kabisa, akapata kazi ya kupanga mbao kiwandani, akanunua godoro na redio. Yote hayo yameandikwa kwenye daftari lake la kliniki, lile la kawaida la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kuna tarehe, jina la dawa, sahihi ya nesi, mwezi baada ya mwezi. Kisha kurasa zinabaki nyeupe. Baba mdogo alisema ugonjwa ule si wa hospitali, mtoto katupiwa. Akauza ng'ombe wake akampeleka kwa mganga, baadaye kwenye maombi, na sindano zikakoma hapo. Alifanya kwa kumpenda, Mungu ndiye shahidi.

Alikaa mahabusu muda mrefu. Alipofikishwa mbele ya Jaji na kuulizwa kama ameelewa shtaka, alijibu kwamba baba mdogo yuko nyumbani anamsubiri wakavune mahindi. Mama mdogo, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa benchi la mbele yangu. Nilimwona mabega yakitikisika. Wakili aliyepangiwa na serikali akaomba apimwe akili, na Jaji akaamuru apelekwe Isanga, Dodoma. Sasa afisa ustawi wa jamii amenipigia simu, anataka historia yake tangu utoto, na kama kuna karatasi za hospitali nizipeleke.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama anasema daftari lichomwe, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho ameletewa posa na hao wakwe wakisikia kuna wazimu kwenye damu watarudi walikotoka. Mama mdogo haongei nami. Ametuma mtu aniambie kwamba tunampeleka muuaji Dodoma ili tumtoe kwa mlango wa nyuma. Mjomba anasema tusichome, ila twende tukamwelekeze mdogo wetu, akifika kule "aongezee kidogo". Na mwenyewe, nilipomtembelea gerezani, alinishika mkono akasema, "Dada, usiwaambie mimi ni chizi."

Nikisema ukweli wote nitakuwa nimemsema vibaya marehemu mbele ya mjane wake, maana ndiye aliyekatisha sindano. Nikinyamaza, mdogo wangu atanyongwa. Na nimesikia wanaoingia Isanga hawatoki. Naona kama maisha yake yako kwenye kiganja changu. Nifanyeje?

Dada Mkubwa, Mufindi

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Pole kwanza kwa msiba. Barua yako imejaa kesi kiasi kwamba mtu anaweza kusahau kuwa wewe ni mfiwa. Umempoteza mtu aliyekulea, na aliyemtoa uhai ni mtoto uliyempeleka hospitali kwa mkono wako. Sijui kama tangu siku hiyo umepata mahali pa kumlilia baba yako mdogo bila mtu kukuuliza uko upande gani.

Nilivyokuelewa, una daftari mkononi, una watu wanne wanaokuvuta kila mmoja kwake, na una woga kwamba neno lako ndilo litakaloamua. Nianze na huo woga, kwa sababu naona ndio unaokukosesha usingizi kuliko mama au mjomba.

Isanga ni taasisi iliyo chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na ndiko washtakiwa hupelekwa kwa amri ya mahakama kuchunguzwa akili. Katika barua yako, na hata kwa maneno ya mama mdogo, naona safari hiyo inachukuliwa kama mwisho wa kesi. Kesi ipo pale pale. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatenganisha maswali mawili, na mwombe wakili akueleze amri ya Jaji inahusu lipi, au yote mawili.

Swali moja ni la leo. Je, mdogo wako anaweza kujitetea? Anaelewa ameshtakiwa nini, anajua Jaji ni nani na wakili ni nani, anaweza kusikiliza shahidi na kumnong'oneza wakili wake, "hapo si kweli"? Mtu anayesema marehemu anamsubiri wakavune ameifanya mahakama iwe na shaka, na ni sawa iwe nayo. Ikionekana hawezi, kesi inaahirishwa, anabaki hospitalini akitibiwa, na akipata nafuu ya kutosha inaendelea. Kwa makosa yenye dhamana mahakama inaweza hata kumkabidhi mgonjwa kwa ndugu watakaoahidi kumwangalia. Kwa mauaji dhamana haipo, kwa hiyo hilo msiliwekee matumaini.

Swali la pili ni la jioni ile. Je, alipofanya alichofanya, ugonjwa ulikuwa umemzuia kuelewa anachotenda, au kujua kwamba hakistahili kutendwa, au kujizuia? Majibu ya maswali haya mawili yanaweza kutofautiana, na hapa nakuomba usome taratibu. Kule Dodoma atapewa dawa. Inawezekana kabisa zikamrudisha kama zilivyomrudisha zamani, akawa anaongea vizuri, na daktari akaandika kwamba anaweza kusimama kizimbani. Mama atasema mmeshindwa, na mama mdogo atasema si mnaona, alikuwa anaigiza. Hakuna kati ya hayo mawili yanayofuata kutoka kwenye taarifa hiyo. Mtu anaweza kuwa mzima leo na alikuwa mgonjwa siku ile. Anaweza pia kuwa na ugonjwa wa miaka, na bado ikaonekana kwamba jioni hiyo alijua anachofanya.

Ndiyo maana naliuliza lile neno lako, kwamba maisha yake yako kwenye kiganja chako. Daftari litaonyesha kwamba aliugua, akatibiwa, akapata nafuu, kisha tiba ikakoma. Halisemi alikuwa katika hali gani saa ile. Daktari ataliweka pamoja na anayoyaona mwenyewe, ataandika taarifa, na Jaji ataipima pamoja na ushahidi mwingine, pamoja na hao wanaosema ni ulanzi. Hata baada ya taarifa kupokelewa, upande wa mashtaka na upande wa utetezi wote wana haki ya kuleta ushahidi wao juu ya akili ya mshtakiwa. Wewe ni sauti moja kati ya nyingi. Sisemi ni sauti ndogo. Sheria inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo huo unabebwa na upande wa utetezi. Wakili wa kupangiwa ambaye hajui kwamba kulikuwa na sindano ya kila mwezi anaubeba mikono mitupu.

Umeandika "atanyongwa". Ni kweli adhabu ya kuua kwa kukusudia bado ni kunyongwa, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Waliohukumiwa hubaki gerezani. Umeandika pia kwamba wanaoingia Isanga hawatoki. Hapa kuna ukweli ambao mjomba wako hajaufikiria. Anayepelekwa kwa uchunguzi hurudishwa mahakamani. Lakini mahakama ikimaliza kesi kwa kuona kwamba kitendo alikifanya ila hana hatia kwa sababu ya wazimu, haendi nyumbani. Anawekwa chini ya uangalizi bila idadi ya miaka, na kutoka kwake kunategemea taarifa za madaktari na uamuzi wa mamlaka, siyo matakwa ya ukoo. Huo si mlango wa nyuma. Mama mdogo angelijua hili, huenda hasira yake isingepungua, ila ingekuwa ni hasira juu ya jambo lililopo kweli.

Kuhusu pendekezo la mjomba, niruhusu niwe mkali kidogo. Kule hatahojiwa kwa saa moja akarudishwa. Sheria inataja siku 42 za kuandaa taarifa juu ya hali yake wakati wa tukio, zikihesabiwa tangu alipowekwa hospitalini (msizihesabu tangu siku ya amri, mtachanganyikiwa). Muda wote huo wauguzi wanaona anavyolala, anavyokula, anavyozungumza na wenzake asipojua anatazamwa. Mgonjwa wa kweli akifundishwa kuongezea, kinachoharibika ni ule ukweli aliokuwa nao. Daktari akigundua sehemu moja ya kuigiza, ataitazama na ile halisi kwa jicho la shaka. Na ninyi mtakuwa mmempa kijana anayepigana na sauti kichwani mwake sauti nyingine ya kuifuata.

Sasa daftari. Mama anadhani likiungua, habari imekwisha. Huenda hospitali bado ina kumbukumbu zake, na wewe mwenyewe unaweza kuitwa shahidi ukaulizwa kwa kiapo. Kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kitahitajika mahakamani ni kosa la jinai, na mkono utakaokuwa umewasha kiberiti ni wako. Lakini sidhani mama yako ni mtu wa kutaka kuvunja sheria. Nakuuliza jambo ambalo hukuliandika: sindano ilipokatishwa, yeye alisema nini? Alikubali? Alinyamaza? Inawezekana posa ni sehemu tu ya hofu yake, na iliyobaki ni kwamba kurasa zile nyeupe zinamuuliza yeye pia. Ukienda kwake na hoja za sheria atajifunga. Ukienda ukamwuliza ile miezi ilikuwaje kwake, mjane mwenye mtoto mgonjwa na shemeji anayetoa maamuzi, pengine mtazungumza.

Posa nayo siidharau. Kuna wakwe watakaorudi, hilo linatokea, na binti ataumia bila kosa lake. Ila mtazame mambo yalivyo: kijana alikutwa akiongea peke yake mbele ya watu, na akajibu vile mbele ya mahakama iliyojaa. Hao wakwe wakitaka kujua, wanajua. Wanachoweza kusikia kwenu ni jinsi mnavyolieleza. Mngempa huyo binti nafasi ya kusema mwenyewe anataka nini, maana katika barua yote ni yeye peke yake ambaye sijasikia neno lake.

Nakuja kwenye lililo gumu zaidi, marehemu. Unaogopa kumsema vibaya. Afisa ustawi na daktari watakuuliza alianza kuumwa lini, alitumia dawa gani, aliacha lini, baada ya kuacha alibadilikaje: usingizi, chakula, maneno, kazi, pombe. Unaweza kujibu yote hayo kwa kueleza kilichotokea tu. "Familia ilimhamishia kwa mganga na kwenye maombi" ni kweli, na haimlaumu mtu. Lakini sitakudanganya kwamba litaishia hapo. Mahakamani wakili wa upande wowote anaweza kukuuliza moja kwa moja, nani aliamua? Na hapo utajibu ukiwa umemwona mama mdogo amekaa benchi la mbele. Kama siku hiyo itafika, kumbuka kwamba na habari ya ng'ombe ni ukweli pia. Mtu aliyeuza mali yake kumtafutia mtoto wa kaka yake uponyaji, na mtu aliyekatisha sindano, ni yule yule. Ukisema nusu moja bila nyingine ndipo utakuwa umemsema vibaya.

Je, umtangulie mama mdogo kabla hajayasikia huko? Moyo wangu unavutwa huko, ila kuna hatari. Huenda yeye ni shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, na mshtakiwa ni ndugu yako. Ukikaa naye mkazungumzia ushahidi, mtu anaweza kusema unamwingilia shahidi, hata kama nia yako ni njema. Mwulize wakili kwanza. Kwenda kumpa pole, kukaa naye jikoni, kumsaidia palizi, hayo hayakatazwi. Ukienda bila kutaja kesi, na ukakubali kwamba anaweza kukufungia mlango, hilo ni jambo. Ukisubiri kesi iishe, inaweza kuchukua miaka, na miaka hiyo naye anaipitia peke yake.

Na mdogo wako, aliyekushika mkono. Watu wenye maradhi ya aina hii mara nyingi hawajioni kuwa wanaumwa. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hata hivyo ombi lake lina heshima yake. Mtu anaweza kuficha historia yake ili amtii, na mdogo akabaki na jina safi na wakili asiye na cha kusema. Anaweza kuitoa bila kumwambia, na akaja kusikia kizimbani kwamba dada alimsema. Kuna pia njia ya kumweleza mwenyewe, akiwa katika saa nzuri: nitawaambia uliumwa, nitawaambia na jinsi ulivyopona ukafanya kazi ukanunua redio yako. Akikataa, bado utakuwa na uamuzi wa kufanya, ila atakuwa ameusikia kwako.

Hata ukiamua kukaa na daftari kimya hadi utakapoitwa, kumbuka uchunguzi unafanyika bila wewe, na kinachochelewa kinaweza kufika baada ya taarifa kuandikwa. Ukiamua kulitoa, toa nakala mbili kwenye stationery, ukurasa kwa ukurasa pamoja na zile nyeupe za mwanzo baada ya sindano ya mwisho. Moja kwa wakili, moja kwa afisa ustawi, na usainishe kila aliyepokea. Daftari lenyewe liweke kwa mtu ambaye mama hawezi kumwomba. Mengine unayoyakumbuka, zile karatasi kwenye nyufa, maneno kuhusu walimu, yaandike sasa kwa mpangilio wa miaka, kabla hujaanza kuyachanganya na yale mliyosimuliana baada ya msiba. Ukiandika, andika pia siku zake nzuri na siku alizokunywa. Historia isiyo na pombe hata kidogo, katika kesi ambayo kijiji kizima kinasema pombe, haitaaminika.

Kuhusu kumtembelea Dodoma, mabasi kutoka Iringa yanapita Mtera, lakini usipande kabla hujampigia afisa ustawi kujua kama ameshapokelewa huko au bado yuko mahabusu, na siku gani ndugu wanaruhusiwa. Beba kitambulisho chako. Chakula na nguo uliza kwanza vinavyoruhusiwa, usije ukarudishwa navyo getini.

Mimi nimeongea kama mshauri. Wakili ana jalada mbele yake, na akikwambia tofauti na nilivyosema juu ya sheria, mfuate yeye na umuulize kwa nini. Kisha niandikie tena. Ningependa kusikia mama alijibu nini ulipomwuliza kuhusu ile miezi.

Anti